Asilimia 15 Ilitoka Wapi? Nguvu ya Gari kati ya Injini na Tairi

Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya wahandisi, mafundi na wanafunzi wa ufundi wa magari

Shukrani za kwanza ni za mafundi waliofunga gereji mapema leo. Gari lililoachwa juu ya jeki halimlipi mtu, na kila aliyeliacha ili aje hapa anastahili kuondoka na kitu cha kutumia kesho asubuhi.

Kusudi la mhadhara huu ni kueleza jinsi ya kukadiria kwa uangalifu nguvu inayopotea kati ya injini na magurudumu. Kusudi la pili ni kuitazama upya ile asilimia 15 inayotajwa katika kila gereji. Watu huitumia kana kwamba ni kipimo, ilhali ni kisio tu, na kisio hilo limewagharimu watu fedha nyingi.

Chukua kisa ambacho kila fundi aliyeko hapa amekiona kwa sura moja au nyingine. Mtu ananunua gari dogo lililotumika Japani. Katalogi inasema injini ina nguvu farasi 150. Analipeleka kwenye mashine ya rola inayopima nguvu kwenye magurudumu, linafungwa kamba, linanguruma, karatasi inatoka: 105. Nguvu farasi 45 hazionekani. Anaambiwa kwamba giaboksi na difu hula asilimia 15, na kwa kuwa hapa zimekula 30, basi giaboksi imechoka. Inashushwa. Nyingine inatafutwa Kirinyaga Road, inafungwa, gari linarudi juu ya rola. Karatasi ya pili inasoma 104.

Mwenye gari sasa hana fedha wala jibu. Wasikilizaji wazishike namba hizo mbili, 150 na 105, maana mhadhara utazirudia.

Njia yenyewe inajulikana. Pistoni zinazungusha krenki, krenki inazungusha flaiwili, kisha nguvu inapita klachi, giaboksi, propela, difu, ekseli, habu na rimu hadi mpira unaogusa lami. Nguvu ni torki ikizidishwa na mwendo wa kuzunguka: newton-mita mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, jibu ni kilowati. Giaboksi hupunguza mizunguko na kuongeza torki kwa uwiano uleule, kwa hiyo nguvu inayotoka ingekuwa sawa na inayoingia kama si msuguano. Kinachokosekana upande wa pili kimegeuka joto, na sehemu ndogo sana imegeuka sauti. Hakuna mahali pengine pa kukitafuta.

Hoja ya kwanza: namba ya kuanzia ichunguzwe kabla ya gia kulaumiwa

Anayetafuta upotevu hutoa namba ya magurudumu kutoka namba ya injini. Namba ya injini ikiwa na kasoro, kasoro yote huhamia kwenye giaboksi ambayo haijafanya kosa.

Kipimo cha injini kina historia ndefu. James Watt ndiye aliyeiweka nguvu farasi katika hesabu, ili wanunuzi wa injini za mvuke walinganishe mashine na mnyama waliyemjua. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kubana shafti inayozunguka na kusoma torki yake kwa mkono wa mizani. Ndiyo maana hadi leo Waingereza huitaja nguvu ya injini kwa jina la breki. Breki ya Prony ilikaa kwenye shafti ya injini yenyewe, na giaboksi haikuhusika kabisa.

Tatizo la kwanza ni vizio. Nguvu farasi ya Kiingereza ni wati 746. Ile ya metriki, inayoandikwa PS katika katalogi za Japani na Ujerumani, ni wati 735.5. Anayelinganisha katalogi ya Kijapani na karatasi ya rola iliyowekwa kwa kizio cha Kiingereza amekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 1 kabla gari halijawashwa.

La pili ni kubwa zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, makampuni ya Marekani yalitangaza nguvu ya injini iliyopimwa bila vifaa vyake vingi, kama vile feni na ekzosti ya gari. Mwaka 1972 yakahamia kipimo halisi, injini ikiwa na vifaa vyake kama ilivyo ndani ya gari, na injini zilezile zikaonekana kama zimedhoofika kwa usiku mmoja. Hata baada ya hapo namba ziliendelea kutikisika. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilipokaza masharti ya upimaji katikati ya miaka ya 2000, Toyota Camry ya silinda 6 ilishuka kutoka 210 hadi 190, na Acura RL kutoka 300 hadi 290. Corvette Z06 ilipanda kutoka 500 hadi 505. Hakuna giaboksi iliyoguswa katika yoyote kati ya hizo.

Wapenzi wa magari ya Kijapani wana mfano wao pia. Kuanzia 1989 hadi 2004 makampuni ya Japani yalishika makubaliano ya kutotangaza nguvu inayozidi PS 280 kwa gari la soko la nyumbani. Nissan Skyline GT-R ilikuwa na 280 kwenye karatasi, lakini injini nyingi za aina hiyo zilitoa zaidi. Ukianza na 280 na ukakuta 260 kwenye magurudumu, utadhani umepata giaboksi ya ajabu inayopoteza asilimia 7 tu, na huo nao ni uongo, ingawa unamfurahisha mwenye gari.

Hoja ya pili: upotevu hauna asilimia moja

Kwanza, kosa la hesabu ambalo ni rahisi kulitibu. Ikiwa upotevu ni asilimia 15 na magurudumu yanasoma kilowati 85, injini si 85 mara 1.15, yaani 97.75. Ni 85 gawanya kwa 0.85, yaani 100. Asilimia ilitolewa kwenye nguvu ya injini, kwa hiyo haiwezi kurudishwa kwa kuizidisha na nguvu ya magurudumu. Kadiri asilimia inavyokua ndivyo kosa linavyokua: kwa asilimia 25 pengo ni zaidi ya kilowati 6 katika kila 100.

Sasa kiini. Gia hupoteza nguvu kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza haijali injini inavuta kiasi gani. Gia zimezama kwenye oili na zinaikoroga kama mwiko unavyokoroga uji, beringi zimekazwa, sili zinakumbatia shafti, kwenye otomatiki kuna pampu inayosukuma oili muda wote. Upotevu huu unategemea mwendo wa kuzunguka, kimo cha oili na uzito wake. Oili baridi ya alfajiri ni nzito, na kila aliyebadilisha gia saa kumi na mbili asubuhi kule Limuru ameihisi mkononi.

Njia ya pili hufuata mzigo. Torki ikipanda, meno ya gia hubanana zaidi na msuguano kati yao hupanda pamoja nayo. Jozi moja ya gia za meno ya mshazari hupoteza kati ya asilimia 1 na 2 ya kinachopita. Difu ya haipoidi hupoteza zaidi, kwa sababu meno yake huteleza yakipita juu ya mengine badala ya kubingirishana tu. Packard iliileta difu ya aina hiyo kwenye magari madogo mwaka 1926. Faida yake ni kwamba propela hukaa chini ya katikati ya difu, na hivyo sakafu ya gari hushuka; mtelezo huo ndio gharama yake.

Chukua mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Injini inatoa kilowati 110. Oili, beringi, sili na tairi hula kilowati 8 kwa mwendo fulani, hata mzigo uwe mdogo. Meno ya gia hula asilimia 5 ya kinachopita, yaani 5.5. Jumla 13.5, sawa na asilimia 12.3. Mwenye gari anafunga tabo na injini inafika kilowati 220 kwa mwendo uleule wa kuzunguka. Zile 8 zimebaki 8, meno sasa yanakula 11, jumla 19. Upotevu umeongezeka kwa kilowati, lakini kwa asilimia umeshuka hadi 8.6.

Fundi aliyeshika asilimia yake ya zamani atasoma 201 kwenye magurudumu, agawanye, apate injini ya kilowati 229. Mwenzake anayeamini kwamba upotevu ni kilowati zilezile daima ataongeza 13.5 na kupata 214.5. Wote wawili wamekosa, mmoja kwa juu na mwingine kwa chini, na ukweli uko kati yao. Ubishi huu huzuka kila panapokutana watu wa tabo, na kila upande una nusu ya hoja.

Joto linaweza kutumika kama shahidi. Anayedai kwamba giaboksi na difu za gari la kilowati 300 hula asilimia 15 anadai kilowati 45 za joto. Kwa dakika moja tu joto hilo lingetosha kuchemsha lita 8 za maji kutoka nyuzi 20. Magari ya mashindano hufungiwa vipoza-oili kwa sababu joto hilo ni halisi. Lakini anayegusa giaboksi baada ya kuvuta kwa nguvu na kuikuta vuguvugu tu anapaswa kujiuliza kama sehemu kubwa ya asilimia hizo haikwenda kwingine.

Konveta ya otomatiki ina hesabu yake, nayo ni nyepesi. Injini ikizunguka mara 5,500 kwa dakika huku upande wa giaboksi ukizunguka 5,000, na torki ikiwa sawa pande zote mbili, asilimia 9 ya nguvu imeishia kwenye oili. Konveta ikijifunga, mtelezo huo unakwisha. Packard ilikuwa na klachi ya kuifunga konveta tangu 1949 katika giaboksi yake ya Ultramatic, na otomatiki za siku hizi hujifunga sehemu kubwa ya safari. Kwa hiyo kusema kwamba otomatiki hula asilimia 20 bila kuuliza kama konveta ilikuwa imefungwa wakati wa kupima ni kuacha swali kubwa kuliko yote.

Mpangilio nao una neno. Gari dogo ambalo injini yake imelala kwa upana na kusukuma magurudumu ya mbele halina haja ya kugeuza nguvu kwa pembe ya nyuzi 90, hivyo halina haipoidi. Gari la propela, likiwa katika ile gia inayopitisha nguvu moja kwa moja, huepuka jozi mbili za gia ndani ya giaboksi, lakini hulipa kwenye difu. Gari linalosukuma magurudumu manne muda wote huongeza boksi la kugawa nguvu na difu nyingine.

Wazee wa Safari Rally hawajaisahau Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam. Nyuma ya gari lile kulikuwa na difu ya skrubu, ambayo meno yake huteleza zaidi kuliko ya koni za kawaida. Kuipa 404 asilimia ileile inayopewa gari dogo la mbele ni sawa na kuvisha miguu miwili tofauti kiatu cha namba moja.

Na je, 15 yenyewe? Mwaka 2012 Kenneth Holmberg wa Finland na wenzake walichapisha makadirio ya msuguano katika magari madogo. Walipata kwamba thuluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kwenye msuguano. Katika thuluthi hiyo, sehemu za giaboksi na difu zilichukua asilimia 15, na tairi barabarani asilimia 35. Hiyo 15 ni sehemu ya msuguano wote katika uendeshaji wa kawaida, si ya nguvu ya injini inayovuta kwa uwezo wake wote, hivyo haifai kuhamishiwa kwenye karatasi ya rola. Linalostahili kubebwa kutoka utafiti huo ni lile la tairi, ambalo ndilo linalofuata.

Hoja ya tatu: rola nayo inadai sehemu yake

Tairi likikaa juu ya lami hulala bapa. Likikaa juu ya rola hukunjwa kuelekea ndani, na kukunjwa huko ni joto. Kanuni ya wataalamu wa tairi husema ukinzani wa kubingirika hupanda kwa kipeuo cha pili cha moja kujumlisha nusukipenyo cha tairi gawanya kwa nusukipenyo cha rola. Tairi na rola zikiwa na ukubwa sawa, ukinzani huwa mara 1.4 ya ule wa barabarani. Mashine zenye rola mbili kwa kila gurudumu hulikunja tairi mahali pawili.

Weka kilo 700 juu ya magurudumu yanayosukuma, tairi la kawaida, mwendo wa kilomita 150 kwa saa: tairi zinakula karibu kilowati 5. Sasa fundi anakaza kamba ili gari lisiruke, na kamba zinaongeza mvuto wa kilo 300. Kilowati 2 nyingine zimekwenda. Anayepima leo kwa kamba zilizokazwa kiasi na kesho kwa kamba zilizokazwa sana atapata magari mawili kutoka gari moja. Upepo wa tairi nao uandikwe.

Kwa sababu hiyo zipo mashine zinazoondoa tairi kabisa. Gurudumu linafunguliwa, na mashine inafungwa moja kwa moja kwenye habu. Dynapack ya New Zealand na Rototest ya Sweden hufanya hivyo. Karatasi zake husoma juu zaidi kuliko za rola, na giaboksi haikubadilika.

Kuna jambo lingine ambalo watu huliita upotevu bila kuwa upotevu. Gari likiongeza mwendo juu ya rola, sehemu ya nguvu inatumika kuizungusha flaiwili yenyewe kwa kasi zaidi. Injini yenye uzito wa kuzunguka wa wastani, ikipanda kutoka mizunguko 2,000 hadi 7,000 kwa sekunde 8, hutumia kilowati 8 hivi kwa kazi hiyo ifikapo 6,000. Ikipanda kwa sekunde 4, kwa sababu dereva alichagua gia ya chini, kilowati zinakuwa 16. Nguvu hiyo haikuwa joto. Imehifadhiwa ndani ya chuma kinachozunguka na inarudi mguu ukiondolewa kwenye mafuta. Lakini karatasi haiioni. Rimu nzito na flaiwili nzito huonekana zikila nguvu wakati gari linaongeza mwendo, na mwendo ukishikiliwa pale pale kwa breki ya mashine, hazili kitu.

Hoja ya nne: kuachia gari lijipunguze ni kipimo kizuri, lakini nusu

Mashine nyingi, hasa za Kijerumani, hufanya hivi: gari linavutwa hadi mwisho, kisha dereva anakanyaga klachi bila kutoa gia, na rola zinaachwa zipunguze mwendo zenyewe. Kwa kuwa uzito wa kuzunguka wa rola unajulikana, kasi ya kupungua hutoa nguvu inayoliwa na tairi, difu na giaboksi. Namba hiyo huongezwa kwenye nguvu ya magurudumu, na karatasi inaandika nguvu ya injini.

Ni njia ya heshima. Inapima gari lenyewe lililoko pale, na oili yake ya siku ile, bila kuazima asilimia ya mtu mwingine. Hata hivyo, wakati klachi imekanyagwa, meno ya gia hayana mzigo. Inashika zile kilowati 8 za mfano wetu na kuziacha 5.5. Kwa otomatiki hali ni ngumu zaidi: hakuna klachi ya kukanyaga, na ukiweka nyutro umeondoa konveta katika hesabu na kubadilisha ni klachi zipi za ndani zinazojikokota.

Pendekezo la mhadhara huu ni rahisi. Upotevu usiofuata mzigo upimwe kwa kuliachia gari lijipunguze. Kwenye huo, ongeza makadirio ya meno yenye mzigo kwa kuhesabu jozi za gia ambazo nguvu inapita: asilimia 1 hadi 2 kwa kila jozi ya mshazari, zaidi kwa haipoidi. Kisha andika jibu kwa mipaka yake, kwa mfano kilowati 105 hadi 112, na umweleze mwenye gari kwa nini kuna mipaka. Mteja aliyeelezwa hivyo mara moja hukuamini mara ya pili.

Hoja ya tano: hewa ya Nairobi

Hapa ndipo zile namba, 150 na 105, zinapopata jibu.

Jiji hili liko mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mombasa hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101. Hapa ni 83 hivi. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, na hewa iliyopo ni pungufu. Kanuni Na. 85 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu upimaji wa nguvu za injini, ina njia ya kurekebisha hali ya hewa hadi kilopaskali 99 na nyuzi 25. Kwa hewa yetu kigawo chake kinafika karibu 1.24. Kanuni hiyohiyo inataka kigawo kiwe kati ya 0.93 na 1.07. Maana yake, Nairobi iko nje kabisa ya eneo ambalo kanuni yenyewe inajiamini.

Sasa hesabu. PS 150 ni kilowati 110. Gawanya kwa 1.24: injini nzima kabisa, mpya, ikiwa hapa Nairobi, hutoa kilowati 89. Ondoa asilimia 13 za njiani: 77. Hizo ni PS 105. Giaboksi ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Ya pili pia haikuwa nao, na ile tofauti ya 1 kati ya karatasi mbili ni mtikisiko wa kawaida wa mashine. Gari hilohilo likishushwa hadi Mombasa lingepata nguvu zake bila spana kufunguliwa.

Kosa la kinyume nalo lipo. Gari la tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa kwa kuisukuma zaidi, maana kifaa kinachodhibiti tabo hulenga shinikizo fulani ndani ya injini. Ukilipa gari hilo kigawo kizima cha 1.24, kilowati 200 zinageuka 248 kwenye karatasi, na mwenye gari anakwenda nyumbani na nguvu ambazo hazipo. Wako watu waliozitegemea namba za namna hiyo kuchagua klachi, breki na tairi.

Tena giaboksi haijui mwinuko. Hewa nyembamba inapunguza nguvu ya injini, lakini oili inakorogwa vilevile. Kwa hiyo upotevu urudishwe kwanza, ndipo kigawo cha hewa kitumike. Kuzidisha namba ya magurudumu moja kwa moja ni kuzidisha pia upotevu ambao hewa haikuugusa.

Hoja ya sita: tofauti ina nguvu kuliko jumla

Mwaka 1999 Ford ya Marekani ilitangaza Mustang SVT Cobra yenye nguvu farasi 320. Ile ya 1998 ilitangazwa kwa 305. Wenye magari walipoyapandisha juu ya rola, ile mpya haikuonyesha nyongeza iliyoahidiwa. Hakuna aliyejua kwa uhakika difu ile inapoteza kiasi gani. Mtetezi angeweza hata kusema kwamba nyuma kumebadilika, maana mwaka huo Cobra iliacha ekseli moja ngumu na kila gurudumu la nyuma likapata mhimili wake. Lakini viungo vya mihimili kama hiyo hupoteza sehemu ndogo sana, asilimia 1 au chini, na haviwezi kuficha pengo lote.

Nguvu ya hoja yao ilikuwa ulinganisho. Ikiwa upotevu ni 12 au 18 kwa mia, tofauti ya 15 kwenye injini lazima ionekane kama 12 au 13 kwenye magurudumu. Haikuonekana. Agosti mwaka huo Ford ilisimamisha mauzo na kuyaita magari yaliyokwisha kuuzwa. Ikabadilisha njia za kuingizia hewa, kompyuta ya injini na sehemu ya nyuma ya ekzosti. Cobra ya kawaida haikutoka kwa mwaka wa 2000. Watu wenye karatasi za rola walikuwa wameuliza swali ambalo karatasi hizo zinaweza kulijibu.

Kwa maoni ya mzungumzaji, hapo ndipo mashine ya rola inapostahili heshima yake yote. Gari moja, mashine moja, gia moja, oili ya moto uleule, upepo uleule wa tairi, kabla na baada ya kazi. Fundi akisema kwamba kazi yake imeongeza kilowati 9 magurudumuni, katika hali hizi zilizoandikwa hapa, amesema jambo linaloweza kuthibitishwa na fundi mwingine kesho.

Kazi hii inakwenda mbali zaidi sasa. Mabasi ya umeme yamekuwa yakipakia abiria Nairobi tangu 2022, na gari la umeme halina giaboksi ya spidi tano, ila bado lina gia za kupunguza mwendo, difu, beringi na tairi. Lenye mota mbili au tatu huleta swali jipya, kwa sababu kujumlisha nguvu za mota zote hakusemi kama betri inaweza kuzilisha kwa pamoja. Novemba 2020 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni ya kiufundi ya dunia Na. 21 kwa ajili ya magari ya mseto na ya umeme yenye mota zaidi ya moja. Mojawapo ya njia zake huanza kwa kupima kwenye magurudumu, kisha kuhesabu kurudi nyuma kupitia gia. Lile swali la gereji limeingia kwenye sheria, na wanafunzi walioko ukumbini humu ndio watakaolijibu kwa magari yatakayofika bandarini miaka kumi ijayo. Watakuwa na faida ambayo sisi hatukuwa nayo: umeme unaoingia kwenye mota unaweza kusomwa kwa waya, kwa hiyo kila kipande cha njia kinaweza kupimwa peke yake.

Tukitoka hapa tunakwenda uani. Kuna pikapu ya propela iliyopandishwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yakiwa huru. Dereva atayazungusha hadi kilomita 60 kwa saa, atakanyaga klachi, nanyi mtahesabu sekunde hadi yashuke kufikia 20. Kisha gari litashushwa, litaendeshwa nusu saa, litarudi juu ya stendi, na mtahesabu tena. Kila kikundi kitaandika sekunde zake, moto wa oili, gia iliyotumika na makadirio yake ya upotevu, na karatasi hizo ndizo zitakazofungua mkutano ujao. Oili ya difu bado ni baridi, kwa hiyo ni vyema tuanze mara moja.